Kufungua studio ya familia ya kupaka rangi vikombe na sahani hapa Moshi, hatua kwa hatua

Ukimwambia mtu unataka kufungua sehemu ambayo watu wanakuja kupaka rangi vyombo vyao wenyewe, kinachomjia kichwani ni brashi, meza za mbao, taa nzuri na picha za insta. Hivyo vipo, ila biashara sio hiyo. Biashara ni tanuri na ahadi. Mteja anakuja na wenzake, anakaa masaa mawili, anapaka kikombe, analipa, alafu anaondoka mikono mitupu, wewe umebaki na hela yake na kikombe ambacho bado hakifai hata kunywea maji. Kazi yako yote iko kati ya hapo na siku atakayokuja kukichukua.

Naandika kwa mazingira ya Moshi. Wa Arusha mtabadilisha mitaa tu, badala ya Shanty Town na Rau mtaweka Njiro au Sakina, na wageni wenu wengi wanakwenda mbugani wakati wa kwetu wanapanda mlima. Hesabu ni zilezile.

Hatua ya 1: elewa nini kinachomwa na kwa moto gani

Chombo unachomuuzia mteja apake rangi kimeshachomwa mara moja bila glezi (ule uji unaopakwa juu ya chombo na kugeuka kioo ukichomwa), kinaitwa bisiki. Ni cheupe, kigumu, ila bado kinanyonya maji, ukikigusa na ulimi unanata. Bisiki ya kazi hii kawaida imechomwa kwenye nyuzi kama 1060, yaani koni 04. Mteja anapaka rangi zake, zikikauka unachovya chombo kwenye glezi angavu, unachoma tena kwenye nyuzi kama 1000, koni 06. Moto wa pili ni mdogo kuliko wa kwanza makusudi: gesi na uchafu wa udongo umeshatoka mwanzo, sasa unataka glezi tu iyeyuke na kugeuka kioo juu ya rangi.

Hizo koni ni vijipiramidi vya udongo vinavyopinda vikifikia moto wake, unaviweka ndani ya tanuri uone moto ulifika kweli au mashine inakudanganya. Sasa sikiliza hapa vizuri: namba zenye sifuri mbele zinasomwa kinyume, 06 ni moto mdogo kuliko 04. Na koni 6 bila sifuri ni kitu kingine kabisaa, inakaribia nyuzi 1220. Sifuri moja ikidondoka wakati unaset kontrola, ile mashine inayoongoza moto wa tanuri, vikombe vya watu arobaini vinalegea na kugandana na shelfu, na hiyo shelfu hutaitumia tena. Andikeni kwenye karatasi mbandike juu ya kontrola, SIFURI SITA, kwa maandishi makubwa.

Hatua ya 2: tanuri na umeme, kabla hujalipa kodi ya fremu

Watu wanatafuta fremu kwanza. Hapana. Tafuta umeme kwanza.

Tanuri la kuanzia ambalo familia inalimudu ni la lita 60 mpaka 100. Tuseme umepata la kilowati 6. Kwa umeme wa 230 hiyo ni ampea kama 26, na sio za dakika mbili tatu za birika, ni za masaa. Soketi ya kawaida ya ukutani ni ampea 13, kwa hiyo tanuri halichomekwi popote, linavutiwa waya wake peke yake kutoka kwenye meinswichi, waya wa 6mm au 10mm kutegemea umbali, na breka yake yenyewe. Tafuta fundi mwenye leseni. Yule anayekwambia "hii 2.5 inabeba tu mama, mbona saluni ya jirani inabeba", mshukuru alafu mwache aende. Likiwa kubwa zaidi ya hapo linaweza kuhitaji umeme wa njia tatu, na ukikuta fremu ina njia moja ujue utaomba TANESCO wakubadilishie, ina gharama na ina kusubiri, na mwenye nyumba lazima akubali kwa maandishi.

Linapokaa: sakafu ya simenti, mbali na ukuta angalau sentimita 40, hakuna pazia, hakuna dari ya chini ya plaiwudi, hakuna makasha ya maboksi pembeni. Lisiwe chumba wanachokaa wateja. Wakati wa kuchoma linatoa harufu na moshi usioonekana vizuri, rangi na glezi vina vitu vinavyoungua, kwa hiyo dirisha liwe wazi na ikiwezekana feni ya kutoa hewa nje. Stoo ya nyuma yenye mlango wa kufungwa na kufuli inatosha, kufuli ni kwa ajili ya watoto. Na angalia bati juu yake lisivuje, masika ya huku si ya kuchezea.

Sasa gharama ya kuchoma, maana watu wengi inawatisha bure. Tanuri la kilowati 6 likiwaka masaa 8 halivuti umeme wote muda wote, linawaka linazima. Chukulia uniti 30. Kwa bei ya matumizi ya kawaida ikiwa na kodi zote, uniti moja inakaribia shilingi 360, kwa hiyo moto mmoja ni kama 10,800. Ukipakia vikombe 36, kila kimoja kimekula shilingi 300. Ukiwasha kwa ajili ya vikombe kumi kwa sababu kuna mgeni ana haraka, kila kimoja kimekula elfu moja na zaidi. Umeme sio adui, adui ni kuwasha tanuri likiwa nusu.

Na Luku! Nunua uniti kabla ya kuwasha, mara moja na nusu ya unazotegemea kutumia. Usiwashe tanuri saa mbili usiku ukisema asubuhi nitanunua.

Usisahau spea. Nyaya za kuwashia ndani ya tanuri zinachoka, dalili yake ni moto uliokuwa unachukua masaa 8 sasa unachukua 10. Kipima joto kinachakaa pia. Hivi vitu havipatikani Double Road, vinaagizwa, na wakati unasubiri vikombe vya watu vimejaa kwenye shelfu. Nunua seti ya akiba siku ileile unayonunua tanuri.

Hatua ya 3: vyombo vya kupaka

Hapa kuna njia tatu na kila mtu atakwambia yake ndo nzuri.

Ya kwanza kununua bisiki zilizo tayari, kutoka China kwa kontena la kuchangia na wenzako wafanyabiashara au kutoka Nairobi kwa kuvukia Holili au Namanga. Zinavunjika njiani, weka hiyo kwenye hesabu, na risiti za forodha zitunze. Uzuri wake ni kwamba zinalingana, glezi inazikubali, na huumizi kichwa.

Ya pili kumimina mwenyewe: unakuwa na kalibu za plasta ya Paris, unamimina udongo wa majimaji, unasubiri kama dakika 15 au 20 plasta inyonye maji upate ukuta wa kikombe, unamwaga uliobaki, unatoa, unakausha polepole, unachoma bisiki. Kwa hesabu ya kipande kimoja ni nafuu mno. Ila ni kazi nyingine kabisa, inataka mtu wake na chumba chake na tanuri la kuchoma mara mbili. Ushauri wangu mwaka wa kwanza usiguse, labda kama mna mtu kwenye familia ambaye tayari mikono yake inajua udongo.

Ya tatu ni ile watu wanaiwaza haraka: si tuna mama zetu wafinyanzi wa Usangi kule Upareni, tununue vyungu vyao tupake rangi? Vyungu vyao ni vizuri na ningependa viuzwe studio, lakini vimechomwa kwa kuni mahali pa wazi, kwa moto mdogo kuliko wa tanuri la umeme, na udongo wake haukutengenezwa kwa ajili ya glezi yako. Ukivirudisha kwenye nyuzi 1000 vingine vitapasuka na vingine glezi itakuwa na nyufa kama za kiwanja kikavu. Viweke kwenye kona ya mapambo, mteja apake rangi ya akriliki isiyochomwa, aende nacho leoleo, na umwambie waziwazi hiki ni cha ua au kalamu, sio cha kulia chakula. Hii kona ni muhimu kuliko inavyoonekana, ntairudia.

Aina za vyombo: anza na chache. Kikombe, sahani ndogo, bakuli, sahani kubwa ya kitchen party, na vitu vidogo vya watoto, tembo, twiga, kobe. Bakuli liwe la ukubwa wa mtori, lenye kina, nakwambia hilo litauza kuliko mabakuli ya saladi ya kizungu yanayokuja na kontena.

Rangi na glezi nunua zile ambazo kopo limeandikwa hazina madini ya risasi (lead) na zinafaa kwa chakula, na ufuate moto ulioandikwa kwenye kopo. Za bei chee zisizo na maelezo acha. Kuna kipimo cha nyumbani kinachosaidia kushtukia tatizo mapema: weka kipande cha limao juu ya sahani iliyochomwa, ilale mpaka kesho. Rangi ikififia au mng'ao ukipotea pale limao lilipokaa, hiyo glezi haijatulia, usimpe mtu alie.

Hatua ya 4: fremu na makaratasi

Sehemu isiwe lazima mjini kati. Wateja wa hii kitu hawapiti njiani wakajikuta wameingia, wanapanga kuja. Kinachohitajika ni pa kupaki gari, choo kisafi kabisa, maji ya uhakika na sinki ambalo bomba lake la kutolea lina ndoo ya kukamata udongo chini, maana glezi ikikauka ndani ya bomba ni kubomoa ukuta. Nyumba ya zamani yenye varanda na kivuli inapendeza kuliko fremu ya vioo.

Kwenye makaratasi ni kama biashara nyingine: jina BRELA, TIN pale TRA, leseni ya biashara kwa manispaa, na TRA watakwambia kuhusu mashine ya EFD kulingana na mauzo yako. Tofauti yako na duka la nguo ni kwamba una tanuri, kwa hiyo Zimamoto na OSHA usisubiri wakushtukize, waite waone, uwe na mtungi wa unga mkavu au wa gesi ya kaboni unaofaa kwa moto wa umeme, sio ndoo ya maji. Ukitaka kuuza chakula hayo ni mambo mengine ya afya, mwanzo uza soda na maji ya chupa, chai mpe mteja kama heshima.

Hatua ya 5: bei moja

Kuna studio zinatoza kiingilio, kisha kipande, kisha kuchoma. Mteja wa huku hapendi, anaona unamchuna kidogokidogo. Andika bei moja chini ya kila kipande ikiwa na kila kitu: chombo, rangi, kukaa, glezi, kuchoma. Anaangalia, anachagua, imeisha.

Kuipata hiyo bei, tuseme kikombe kimekufikia dukani kwa 6,000. Rangi na glezi 1,500. Umeme 500 kwa wastani. Kila vikombe kumi hesabu kimoja kitakufa, kwa hiyo ongeza 800 hivi. Hapo ni 8,800 na hujalipa mtu wala kodi. Sasa chukua kodi ya mwezi, mishahara, maji, taka, usafi, gawanya kwa vipande ambavyo kweli mnavipaka kwa mwezi na sio unavyoota. Ikitoka 9,000 kwa kipande maana yake kikombe kuuzwa 15,000 ni hasara, hata kama mteja anasema ghali. 22,000 mpaka 25,000 ndo unapumua.

Kuhusu bei ya mzungu na bei ya mwenyeji, mimi sipendi. Bei iwe moja ukutani, na siku za katikati ya wiki ambazo pamepoa toa punguzo kwa kila mtu. Wenyeji ndo watakaokuja Jumanne jioni, wageni hawatakuwepo, punguzo linawafikia wanaostahili bila mtu kuaibishwa mbele ya mwenzie.

Kundi linalipa nusu kuweka nafasi, kwa lipa namba, na risiti. Bila hiyo watu kumi na tano wanaahidi wanakuja sita na wewe umeshakataa wengine.

Hatua ya 6: mteja akiingia

Cha kwanza kabisa mikono kwa sabuni. Sio usafi tu. Watu wetu tunajipaka mafuta, mikono inang'aa, na bisiki inayanyonya, kisha pale palipo na mafuta rangi haishiki na glezi inakimbia inaacha kidonda kikavu. Chipsi na kuku hairuhusiwi kwenye meza ya kupaka kwa sababu hiyohiyo. Akishanawa anafuta chombo na sponji yenye unyevu kidogo kutoa vumbi, isilowe, chombo kikishalowa hakinyonyi rangi.

Anachora kwa penseli kwanza, penseli inaungua yote tanurini hakuna atakayeiona. Peni hapana.

Mwonyeshe vigae vya mfano vilivyochomwa. Hii ni lazima kwa sababu rangi kwenye kopo haifanani na itakavyotoka, ya kwenye kopo imepauka kama chaki na bluu yenyewe inaweza kuonekana kijivu, mtu asipoona kigae ataongeza nyeusi mpaka basi. Mwambie koti moja, yaani kupaka mara moja, linatoka kama maji ya rangi, mistari ya brashi inaonekana, matatu ndo rangi inakamata, na kati ya koti na koti asubiri ikauke. Aanze na rangi nyepesi kwenda nzito, njano juu ya nyeusi haitoki. Ndani ya kikombe na pale mdomo unapogusa apake kidogo tu au aache peupe. Akikosea sponji inafuta nyingi, ila nyekundu inabaki doa, mwambie mapema.

Watoto wadogo usiwape kikombe chenye mkono mwembamba, wape kobe. Na mpe mama yake kitu cha kupaka, la sivyo atampakia mtoto.

Akimaliza, kabla hajanyanyuka: namba chini ya chombo kwa rangi ya kuchomwa, sio stika, stika inaungua. Jina lake, namba ya simu na namba ya chombo kwenye daftari, na piga picha ya chombo mkononi mwake. Akina Neema ni wengi Moshi hii, namba haiongopi.

Hatua ya 7: glezi na kuchoma

Vipande vikauke usiku mzima, na mwezi wa sita na wa saba ongeza siku kwa sababu baridi ya huku haikaushi kitu. Koroga glezi vizuri iwe mzito wa maziwa mazito, chovya sekunde mbili tatu, toa, tingisha, rekebisha alama za vidole na brashi. Ikiwa nene sana inatoka na ukungu mweupe na maua ya mteja yanapotea, ikiwa nyembamba inatoka kavu.

Kwa udongo huu wa moto mdogo chombo hakizibi chenyewe, kinabaki kinanyonya, kwa hiyo chini napo panapakwa glezi na unakikalisha juu ya vijiguu vya miguu mitatu ili kisigandane na shelfu. Alama ndogo zinazobaki sugua na jiwe, zinakata kama wembe. Vyombo visigusane, acha nafasi ya kidole. Shelfu zipakwe dawa yake ya kuzuia glezi isigande. Koni moja kila shelfu.

Moto unaanza polepole, mpaka nyuzi 120 shikilia kama saa moja unyevu uishe, kisha nyuzi 150 kwa saa mpaka upite 600. Hapo katikati kwenye 573 chembe za kwazi (quartz) ndani ya udongo zinabadilika umbo ghafla, na ndo sehemu vyombo vinapopasukia ukikimbiza, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Ukishapita, ongeza kasi mpaka 1000. Mtu mmoja awe macho dakika za mwisho, kontrola ikigoma kuzima huo ni moto mwingine.

Umeme ukikatika? Usifungue mfuniko. Ukirudi ndani ya robo saa endelea. Ukikatika usiku mzima, acha lipoe lote na uchome upya kutoka mwanzo, glezi iliyoishia njiani inaonekana kavu na chafu ila mara nyingi ukirudia inakuwa safi tu.

Kupoa ni masaa 12 mpaka 16. Chini ya nyuzi 100 ndo unafungua. Kuna shangazi atakuja na kitambaa anataka kuchungulia kikiwa 200, mkatalie kwa adabu.

Usafi wa chumba hiki ni kwa kitambaa chenye maji na mopu, sio fagio. Vumbi la udongo na glezi kavu lina silika (silica), ukilipeperusha kila siku linaenda kukaa kwenye mapafu na halitoki. Ukisugua chombo vaa barakoa.

Hatua ya 8: familia

Tanuri lina mtu mmoja. Mwingine anajifunza, lakini anayeset na kuwasha ni mmoja, na akisafiri halichomwi au amekabidhi kwa maandishi. Daftari la vyombo lina mtu wake, hela ina mtu wake, na mwenye hela asiwe mwenye daftari.

Kila anayefanya kazi alipwe, hata kama ni kidogo na hata kama ni mama mzazi. Usipomlipa atajilipa, na hutajua kiasi gani. Kijana wa form four aliyemaliza anasubiri matokeo anaweza kuwa mzuri sana na wateja, ila mpe siku zake na malipo yake, usimfanye mtumwa kwa sababu anakula kwenu.

Alafu vikombe vya ndugu. Harusi ya huyu, kipaimara cha yule, baba mdogo anataka sahani za wageni. Kaeni mkubaliane mapema: ndugu anapewa punguzo fulani, linaandikwa, na bure ni moja kwa mwaka kwa kila nyumba. Aliye mkubwa katika familia ndo alitangaze hilo, likisemwa na mdogo litakuwa dharau.

Hatua ya 9: kalenda ya Moshi

Wapanda mlima ndo wateja waliokuja kama vile wametengenezewa hii biashara. Wanalala Moshi usiku mmoja au miwili kabla ya kupanda hawana cha kufanya, wanapanda, Marangu siku 5 au 6, Machame 6 au 7, Lemosho 7 au 8, alafu wanarudi kulala tena kabla ya kwenda KIA. Wanapaka kabla, wanachukua wakishuka. Ukichoma Jumatatu na Alhamisi hakuna hata mmoja utakayemkosa. Ongea na mapokezi ya hoteli na maguide, wape kadi zenye muda wa kuchukua. Wapo wanaopaka "Uhuru 5,895" kabla hata hawajafika getini, mimi huwa nawashauri wachore mlima tu, maneno yana wenyewe. Wa Arusha ni vilevile kwa safari ya mbugani ila nyingine ni fupi, siku tatu, hao uliza tarehe ya ndege kabla hawajagusa brashi.

Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari mji unajaa, lakini wengi wanafika Ijumaa na Jumapili jioni wameondoka. Hapo ndo kona ya akriliki inakuokoa, anapaka kitu cha mapambo anaondoka nacho.

Masika, Machi mpaka Mei, wageni wanapungua na barabara zinateleza. Fuata shule, hasa zenye mabasi yao, siku za kazi asubuhi. Fanya matengenezo ya tanuri.

Desemba sasa! Wachagga wote wanarudi nyumbani, Dar inahamia Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, magari yamejaa mjini, watoto wa mjini wamekaa siku mbili shambani wameshachoka na migomba, wazazi wana hela na wanatafuta pa kuwapeleka. Kuanzia tarehe 20 hadi mwaka mpya ndo mtafanya mauzo ya miezi. Agiza bisiki mwezi wa tisa. Oktoba umechelewa. Na ujue wanaanza kurudi Dar mara baada ya mwaka mpya, kwa hiyo tarehe 30 ndo mwisho wa kupaka kwa anayetaka kuchukua mwenyewe, baada ya hapo ni kutumiwa kwa basi.

Jumapili fungueni saa nane mchana, kabla ya hapo watu wako kanisani na nyie mnatakiwa muwe kanisani. Kitchen party na send-off ni Jumamosi: akina mama kila mmoja anapaka sahani yake kwa bibi harusi, ishirini zinakuwa seti, wengine wanachora majani ya masale pembeni inapendeza mno. Hao waambie wiki mbili kabla ya shughuli.

Hatua ya 10: kuchukua na kutuma

Mteja asiye na tarehe ya safari mwambie siku saba, hata kama unajua utamaliza kwa nne. Kikiwa tayari mtumie wasapu yenye picha ya chombo chake, sio "mzigo wako tayari" peke yake. Kikipasuka mpigie simu wewe kabla hajakuja, mwambie aje apake kingine bure au arudishiwe hela, yeye achague. Usijaribu kupaka mwenyewe ukamwambia ndo kile. Mtoto wa miaka mitano anajua kobe wake.

Kutuma kwa basi kwenda Dar au Dodoma: kila chombo kifungwe peke yake kwa gazeti nene, kikombe kijazwe karatasi ndani, boksi ndani ya boksi, katikati maranda ya seremala ambayo Moshi ni ya bure. Tingisha boksi, ukisikia kitu kinacheza fungua upya. Mteja alipe nauli ya mzigo kabla, umtumie picha ya risiti ya basi na namba ya gari.

Vyombo vilivyosahaulika vitajaa shelfu, hilo halikwepeki. Andika ukutani na kwenye risiti kwamba baada ya siku 60 na jumbe tatu bila jibu kitauzwa au kitatolewa. Vya watoto viache vikae zaidi kidogo, wazazi wao wanakumbuka shule zikifungwa.